Bega la Mzazi

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Machi mwaka 2097, saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi. Manyunyu yalianguka Singida kwa mshazari, yakisukumwa na upepo ambao mji huo haujawahi kuukosa, na juu ya majabali vinu vya upepo mia nne vilizunguka bila kelele. Ndani ya Taasisi ya Mafundi wa Anga, mtambo ulioitwa mpimakano ulikuwa kazini.

Ulikuwa pete ya chuma cheupe yenye kimo cha watu wawili. Mtahiniwa alisimama katikati yake, akainua mikono juu ya kichwa, na pete ikashuka taratibu ikitoa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Papo hapo bega lake likajitokeza hewani, kubwa kama gunia la alizeti: mfupa mweupe, na juu yake kano nne zilizoushika kama vidole vilivyoshika chungwa. Mtambo uliweza kuhesabu nyuzi za kila kano. Uliweza pia, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya aliyeubuni, kutaja ni lini zingekatika.

Aliyeubuni alikuwa Dakta Leonsi Ntandu, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Alikuwa ameujenga kwa sababu nzito. Fundi anayefanya kazi nje ya kituo cha angani huvaa vazi la ombwe, ambalo hujazwa hewa likakakamaa kama tairi. Kila anapoinua mkono hupigana na vazi lenyewe, kwa saa saba mfululizo. Safari ya kwanza ilirudisha mafundi wanane, na watano kati yao hawakuweza tena kuchana nywele zao wenyewe. Dakta Ntandu aliapa kwamba jambo hilo halitatokea mara ya pili.

Basi mpimakano ulihesabu kila kilichojulikana kuchakaza kano. Ulihesabu umri na jinsia, ukahesabu mkono ambao mtu anautegemea, sukari iliyomo katika damu yake na tumbaku aliyovuta. Ukasoma vinasaba, kwa kuwa wako watu wanaozaliwa na nyuzi nyepesi. Mwisho ukaangalia bega la mzazi aliyekwisha kuvuka miaka hamsini: kama limestahimili, mtoto alipunguziwa hatari; kama limekatika, aliongezewa. Kikomo kilikuwa sitini kwa mia; aliyezidi hapo hakwenda angani. Kazi aliyoifanya mzazi haikuulizwa. "Watu husema uongo kuhusu kazi zao," Dakta alikuwa ameandika katika kanuni, "lakini damu haisemi uongo."

"Tusekile Mwaseba, miaka ishirini na sita," mpimakano ulisema kwa sauti yake tulivu. "Mwili na vinasaba: ishirini na nne. Bega la mzazi: kano tatu zimekatika. Nyongeza: thelathini na tisa. Jumla: sitini na tatu. Hafai."

Msichana aliyekuwa ndani ya pete aliishusha mikono polepole. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mfupi, mwenye mabega mapana na kovu dogo la cheche shavuni. Alimtazama Hidaya, fundi mitambo wa zamu, kisha akamgeukia yule mzee aliyesimama nyuma ya kioo.

"Shikamoo, Dakta. Naomba kuuliza."

"Marahaba. Uliza."

"Mwili wangu umepata ishirini na nne."

"Sahihi."

"Halafu nimekataliwa kwa bega la baba."

"Umekataliwa kwa bega lako la kesho, binti. Bega la baba yako ni ushahidi tu."

"Lakini baba hajaomba kwenda angani. Angeomba yeye, hata mimi ningesema mkatalieni."

Hidaya aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Dakta Ntandu hakutabasamu.

"Orodha inafungwa lini?" Tusekile aliuliza.

"Kesho saa sita mchana."

"Na mtu akikataliwa, anapimwa tena mwakani?"

"Hapimwi. Jina huingia katika daftari la taifa mara orodha inapofungwa."

"Na watoto wangu, nikijaliwa?"

Hakuna mtahiniwa aliyewahi kumuuliza Dakta hivyo. Mpimakano ndio uliojibu: "Wataongezewa."

Msichana alivaa koti lake. Alipofika mlangoni ndipo lile jina la ukoo lilipopenya katika akili ya Dakta.

"Ngoja. Baba yako ni Ambokile Mwaseba? Aliyesoma Itamka?"

"Ndiye. Husema ulikuwa kiranja wake mkuu."

"Husema nini kingine?"

"Kwamba ulikuwa mkali, Dakta."

"Nilikuwa wa haki."

"Hilo hajalisema," Tusekile alijibu kwa adabu, akatoka.

Dakta Ntandu aliingia ofisini na kufungua kumbukumbu za Ambokile Mwaseba. Hakutaka kumpendelea mtu. Alitaka tu kuuona ushahidi kwa macho yake. Akausoma, akausoma tena. Vinasaba vya Ambokile vilikuwa kumi na tisa kwa mia. Hakuwa na sukari, hakuvuta tumbaku. Mtu wa kumi na tisa hakatiki kano tatu kabla ya kufika miaka hamsini. Hata hivyo zilikuwa zimekatika.

"Eleza," aliuamuru mtambo.

"Asili dhaifu isiyojulikana," mpimakano ulijibu. "Nimeikuta kwa watu kumi na saba. Wote wanaume, wote wana miaka kati ya hamsini na minne na hamsini na minane, wote bega la kulia. Vinasaba vyao havionyeshi kosa. Kwa hiyo kosa lipo mahali nisipopaona. Nimewaweka katika ukoo mmoja. Watoto wao arobaini na mmoja wameongezewa."

"Ukoo mmoja? Nionyeshe majina."

Majina yakajipanga hewani. Walikuwepo Mhaya, Mmakonde, Mpare, Wagogo wawili, Mnyakyusa.

"Hawa ni ndugu kwa babu yupi?"

"Huenda wa zamani sana."

Dakta aliketi. Majina yale aliyajua kwa mpangilio mwingine kabisa: aliyajua kwa vitanda. Wote walikuwa wavulana wa Itamka, na kumi na mmoja kati yao walilala Bweni la Pili, bweni lake mwenyewe. Je, ni dona lenye fangasi? Ni maji ya kisima? Lakini yeye alikula dona lile lile na kunywa maji yale yale kwa miaka minne. Akafungua kumbukumbu zake binafsi, na hapo mkanganyiko ukazidi. Vinasaba vyake vilikuwa themanini na moja, vibaya kuliko vya wote. Bega lake la kulia lilikuwa zima kama la kijana.

"Na mimi?" aliuliza.

"Asili imara isiyojulikana. Kwa ajili hiyo mwanao Mkhoi Ntandu alipunguziwa, kutoka sabini na tisa hadi hamsini na sita. Yumo katika orodha, namba kumi na mbili."

Ukoo dhaifu usioonekana, na ukoo imara usioonekana, na zote mbili zimetoka shule moja. Dakta Ntandu alisimama, akaketi, akasimama tena. Alijihisi kama mwanafunzi aliyeamka kwa kengele na kujikuta katika bweni lisilo lake, viatu vyake havipo na kila mtu anamwita kwa jina la mwingine.

Saa saba mchana manyunyu yalikuwa yamekatika. Alitembea kwa miguu hadi mtaa wa Mandewa, ambako Ambokile alikuwa na karakana ya kukarabati mota za vinu vidogo vya upepo. Alimkuta amekaa juu ya kigoda, akifungua skrubu kwa mkono wa kushoto.

"Kiranja!" Ambokile alipaza sauti. "Umekuja kukagua vitanda?"

"Habari za siku nyingi, Mwaseba."

"Nzuri. Bado unanyoosha suruali kwa kuilaza chini ya godoro? Maana huo mkunjo ungekata mkate."

Aliinuka, akanyoosha mkono wa kulia kumsalimia huku mkono wa kushoto umeshika kiwiko. Dakta aliupokea kwa kuridhika. Ndivyo watu wa Itamka walivyomsalimia siku zote, hasa wale wa Bweni la Pili: kila mkutano wa wahitimu walimjia mmoja mmoja, mkono wa kushoto ukiwa umebeba kiwiko cha wa kulia, kama mtu anayemsalimia mkwewe. Vijana wa siku hizi hawakujua heshima hiyo. Mara nyingi alikuwa amemwambia Mkhoi: tazama malezi yalivyokuwa.

"Nimempima binti yako leo," alisema.

"Ameniambia kwa simu. Nikamwambia kiranja hakosei." Ambokile aliacha kucheka. "Nilisema hivyo ili asilie. Kweli ni mimi niliyemfungia njia?"

"Sijui. Hilo ndilo lililonileta, sijui. Mwili wako haukupaswa kuumia. Mko kumi na saba, wote wa Itamka, wote bega la kulia. Niambie mliugua nini."

Ambokile alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha ukamilike. Ulipokosa kukamilika, akageuka kwenye rafu kuchukua kikombe ili ampe mgeni chai. Rafu ilikuwa ya kimo cha kidevu. Akashika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, akausukuma mkono juu kama mtu anayepandisha mzigo kwenye kichanja, vidole vikakifikia kikombe.

Dakta Ntandu aliuona mkono ule wa kushoto na mahali uliposhika. Ulikuwa pale pale.

"Mwaseba," alisema taratibu, "unaponisalimia, unashika kiwiko."

"Mkono haupandi, Kiranja. Nausaidia."

"Miaka yote hii?"

"Tangu nina arobaini na tisa."

"Na wenzako?"

"Wote tunausaidia. Wewe ulidhani tunafanya nini?"

"Nilidhani ni heshima."

Ambokile alicheka hadi chai ikamwagika. Alijifuta macho, akaona kwamba mwenzake hacheki, akaweka birika chini.

"Njoo huku," alisema.

Nyuma ya karakana, kando ya kisima, kulikuwa na pampu ya mkono ya chuma imelazwa ubavu katika majani. Mpini wake ulikuwa mrefu kuliko mtu. Dakta aliutambua kabla ya kuyaona maandishi ya shule yaliyochongwa juu yake.

"Walipofunga shule waliuza vyuma," Ambokile alisema. "Nikainunua. Nilitaka kuiona imelala."

Itamka ilikuwa shule ya mwisho nchini kukataa mota. Ilijivunia jambo hilo. Maji ya wavulana mia sita yalipandishwa hadi tangi la mlimani kwa mikono, na kila bweni lilikuwa na zamu yake ya alfajiri. Mpini ulisimama juu ya vichwa vyao. Njuka, wale wageni wa kidato cha kwanza, walilazimika kuurukia ili waushushe. Zamu ilikuwa mivuto mia moja. Adhabu ilikuwa mivuto mia tatu, na aliyeamua nani aadhibiwe katika Bweni la Pili, na baadaye shule nzima, alikuwa Leonsi Ntandu.

"Lakini hata mimi nilivuta," Dakta alisema.

"Mpaka kidato cha tatu. Kidato cha nne ulikuja kitandani kwangu, umebeba taa yako ya kusomea. Ukasema, 'Mwaseba, nishikie zamu zangu mpaka mtihani, nitakulipa.' Nikakushikia mwaka mzima, yangu na yako. Nikawa nachelewa gwaride. Ukaniandika."

"Nilikuandika mimi?"

"Mivuto mia tatu kila nilipochelewa. Ulikuwa wa haki, hukumpendelea hata rafiki."

"Kwa nini hukuniambia umechelewa kwa ajili yangu?"

"Ningekuambia saa ngapi? Mkononi ulikuwa na kalamu."

Dakta Ntandu alitazama pampu. Upepo ulipita katika majani. Alitafuta ndani yake yule kiranja aliyejulikana kwa haki, akamwona wazi kabisa, amesimama wima na daftari kwapani, na hakuweza kuamua kama alikuwa anamtazama mtu mwema.

"Daftari la adhabu," alisema hatimaye. "Ninalo. Liko katika sanduku langu la chuma. Nililitunza kama kumbukumbu."

"Ungetunza nini kingine?" Ambokile alisema, bila kucheka safari hii.

Ijumaa saa nne asubuhi Dakta alifika katika chumba cha mpimakano akiwa amekumbatia daftari lenye jalada la kitambaa. Alimwomba Hidaya afungue kanuni, na kwa mkono wake mwenyewe akaongeza swali ambalo alikuwa amelikataza kwa miaka kumi na mbili: bega hili lilifanya kazi gani? Kisha akasimama mbele ya mtambo na kusoma kwa sauti, jina baada ya jina, tarehe baada ya tarehe. Alisoma kwa zaidi ya saa moja. Kila mara alipofunua ukurasa alipiga kikohozi kidogo.

"Aliyetoa adhabu?" mpimakano uliuliza mwishoni.

"Leonsi Ntandu."

Pete ilihesabu, kisha ikasema: "Watu kumi na saba wamefafanuliwa kwa kazi. Ukoo wa asili dhaifu umefutwa. Watoto arobaini na mmoja wameondolewa nyongeza. Tusekile Mwaseba: ishirini na nne. Anafaa. Amebaki mtu mmoja asiyefafanuliwa. Leonsi Ntandu. Mivuto yake haimo katika daftari."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na mbili. Hidaya alisogea karibu.

"Dakta," alisema kwa sauti ya chini, "swali hilo si la lazima. Ukiliacha wazi, hesabu ya Mkhoi inabaki ilivyokuwa."

"Najua."

"Mkhoi hana kosa, Dakta."

"Hata yule binti hakuwa na kosa jana."

"Basi mbona unahamisha tu?"

Alitafuta jibu kwa dhati, kama alivyolitafuta usiku kucha. Kama damu ndiyo shahidi, mwanawe alikuwa hatarini angani na hakupaswa kwenda. Kama kazi ndiyo shahidi, huenda mwanawe angeweza kurudi na mabega mazima, maadamu angetunzwa. Kumbukumbu za watu kumi na saba hazikutosha kumwambia lipi ni kweli. Zilimwambia tu kwamba bega lake mwenyewe, ingawa zima, halikuwa ushahidi wa chochote, kwa kuwa mtu mwingine alikuwa amelifanyia kazi.

"Andika," alisema. "Adhabu: hakuna. Zamu za mwaka wa mwisho: zilivutwa na Ambokile Mwaseba kwa niaba yake."

"Ustahimilivu haujathibitika," mpimakano ulisema. "Punguzo la Mkhoi Ntandu limefutwa. Jumla: sabini na tisa. Hafai."

Mkhoi alipiga simu baada ya dakika nne. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamini kwamba kuna makosa ya uandishi.

"Baba, wamenitoa. Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwanangu."

"Sasa kwa nini?"

Maisha yake yote Leonsi Ntandu alikuwa na kifungu cha kanuni cha kusoma katika wakati kama huo. Alifungua kinywa. "Njoo nyumbani jioni," alisema. "Nitakueleza ninachokijua. Si kingi."

Saa tano na dakika hamsini Tusekile alitia saini, namba kumi na mbili, iliyokuwa ya Mkhoi. Baba yake alikuwa amemsindikiza. Ambokile alisoma orodha yote, akalikosa jina alilotarajia kuliona, akaelewa. Akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukauinua. Dakta hakuupokea kama zamani. Aliweka kiganja chake cha kushoto chini ya kiwiko cha Ambokile na kuubeba yeye.

"Zamu zako nimezilipa," alisema.

"Zamu umezilipa," Ambokile alikubali. "Kwa bei ambayo mimi sikuitaja. Na mia tatu zile?"

"Sema."

"Jumapili. Saa moja kamili. Usichelewe, nitakuandika."

Jumapili asubuhi jua lilikuwa limetoka na upepo umelegea. Pampu ilikuwa imesimamishwa juu ya kisima, imetiwa mafuta. Tusekile alikaa kizingitini na kikombe cha uji, na Mkhoi, aliyekuja na baba yake, alisimama kando ya ukuta mikono mfukoni. Dakta Ntandu alivua koti, akalikunja sawasawa, akaulegeza mkanda wa saa. Mpini ulikuwa juu ya kichwa chake. Ambokile aliketi kwenye kigoda, akaanza kuhesabu.

Kwenye mia na ishirini bega la Dakta lilianza kuwaka. Kwenye mia mbili alikuwa akivuta kwa meno yaliyokazwa. Hakujua kama yale ni maumivu ya damu aliyozaliwa nayo au ya kazi aliyokwepa miaka arobaini iliyopita, na aliyebuni mtambo wa kutenganisha mambo hayo mawili alikuwa yeye. Kwenye mia mbili na sabini Mkhoi alitoa mikono mfukoni na kupiga hatua mbele.

"Mwache," Ambokile alisema. "Hii si ya kushikiwa."

Maji yalijaa tangi la karakana, yakamwagika ukutani. Ambokile alifika mia tatu, akainuka.

"Basi, Kiranja," alisema. "Tumemalizana."

Dakta Ntandu aliuachia mpini. Alitaka kumpa mkono wa kwaheri, lakini mkono wa kulia haukupanda. Akaushika kiwiko kwa wa kushoto, akauinua.